Ametembea kutwa Mwaloni, aambiwe tena atembee?

Mama aliyevuka miaka 50 akienda kliniki ya presha au kisukari, hakosi kuambiwa hili: tembea, punguza uzito. Wapo wanaoucheka ushauri huo hapa Mwanza, na hawakosi hoja. Muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, yuko macho tangu alfajiri. Anayeishi juu ya mawe kule Mabatini au Igogo hafiki kwake bila kuhema, tena pengine ana ndoo kichwani. Kumhimiza huyo atembee ni kumuuzia mvuvi samaki.

Lakini mwangalie vizuri huyo wa Mwaloni. Akishapata mzigo na kuupanga, anakaa. Kigoda kifupi, magoti yamekunjwa, mkono mmoja unapima dagaa kwa sado, mwingine unafukuza nzi, mpaka jua linashuka. Jioni bodaboda inamfikisha mlangoni. Saa tatu usiku anakula ugali wa kushiba, kisha analala. Kuchoka amechoka, hilo halina ubishi. Ila miguu yake imefanya kazi kidogo kuliko anavyodhani yeye, na kuliko wanavyodhani wanaomtetea.

Sasa tuangalie mwili wenyewe. Hedhi ikikoma, na kitaalamu huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 bila kuonekana, homoni ya estrojeni hushuka sana. Mafuta yaliyozoea kukaa mapajani na kwenye makalio huanza kujaa tumboni, kuzunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo yenye madhara: insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inakuwa haifanyi kazi yake sawasawa, lehemu (kolesteroli) mbaya inapanda, na presha mara nyingi nayo inafuata. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kilo zilezile za zamani na bado gauni likambana kiunoni.

Kutembea kunasaidia kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposuasua. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa wanakaribia kupata kisukari, ulionyesha kuwa waliobadili maisha walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58, wakati dawa ya kisukari ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Lengo lao lilikuwa dakika 150 za mazoezi kwa wiki, wengi wakitembea haraka. Wapenzi wa matembezi wanaitaja sana 58 hiyo, lakini sehemu ya chakula wanairuka. Watu wale walipunguza kula pia, wakapungua uzito.

Na kwenye uzito ndipo wapinzani wanaposhinda. Kutembea peke yake hupunguza kilo chache mno. Nenda mtaa wa Capri Point asubuhi ya Jumamosi: raba miguuni, kanga imefungwa kiunoni, umbea umenoga (siulaumu, umbea unarefusha safari), kisha supu na chapati mbili kabla ya kurudi nyumbani. Baada ya miezi kadhaa mizani haijasogea na mama anaacha. Kwa maoni yangu kosa ni kumkabidhi mizani iwe hakimu. Presha na sukari vinaweza kushuka kilo zikiwa palepale. Bora apime kiuno kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 80 ikiwa mpaka unaotumika sana kwa wanawake, na presha isifike 130/85. Sukari kabla ya kula chochote asubuhi, kwa asiye na kisukari, iwe chini ya 5.6 mmol/L.

Mifupa nayo haipati mengi kwa kutembea tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara kadhaa mfululizo, ni mwanzo mzuri. Kwa upande wa nguvu, mama wa Mabatini na ngazi zake anaweza kumshinda yule wa Capri Point.

Hizo hatua 10,000 zinazotangazwa zisimtishe mtu. Zilitokana na biashara ya kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Utafiti wa 2019 kwa wanawake 16,741 wa wastani wa miaka 72 uliona waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wa 2,700, na nafuu ikaacha kuongezeka karibu na 7,500. Ni kweli mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wake, kwa hiyo sifa zote si za miguu.

Mimi natazama zaidi saa ya kutembea. Jaribio dogo la 2013, watu 10 tu wa miaka 60 na zaidi, lilionyesha dakika 15 baada ya kila mlo zikidhibiti sukari sawa na dakika 45 za asubuhi kwa mkupuo, na kuzishinda baada ya chakula cha usiku. Kwetu usiku ni mtihani: giza, mbwa, bodaboda zisizo na taa, vibaka. Zungukia uani, au wahi kula kabla giza halijaingia. Muuza dagaa ana mchana: amalize ugali wake na sato, amwachie jirani sado, azunguke soko robo saa kwa mwendo wa kumruhusu kuongea lakini si kuimba.

Anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) aulize kwanza kliniki, maana sukari inaweza kushuka ghafla njiani. Awe na kitu kitamu mfukoni. Mwenye ganzi miguuni asitembee na ndala. Avae viatu vilivyofunika vidole, na akirudi akague nyayo, kwa sababu kidonda asichokisikia ndicho kinachoweza kumkatisha mguu.