Siku programu ilipotuita fisi

Nikiri tu, haya mambo niliyatafuta mwenyewe. Katibu wa kikundi chetu alikuwa analalamika kuandika kumbukumbu za vikao kunamuua mkono, mi nkajifanya fundi, nkamwambia katibu we tulia, kuna programu inasikiliza watu na kuandika yenyewe. Na kweli nilikuwa nimeijaribu, usiku, niko peke yangu chumbani, maiki nimeiweka kama nataka kuila. Ikaandika vizuri mpaka nukta. Nkajua nshamaliza kazi.

Sasa siku ya kikao. Simu ya kurekodia nkaiweka katikati ya meza ndefu, juu yake feni inakata upepo grrr, ukumbi kuta tupu, neno likitoka linaenda kugonga ukuta linarudi tena. Mwenyekiti alikuwa safarini kwa hiyo akapigiwa simu, akawekwa spika kubwa. Yaani sauti yake inatoka kwenye simu moja, inapenya kelele za feni, inaingia kwenye simu nyingine, na hapo kuna mjumbe anakunja karatasi pembeni ya maiki. Na mi kwa kujiamini nkaseti kabisa kwamba kikao kikiisha faili liende lenyewe kwenye grupu la wajumbe wote.

Likaenda. Azimio la mwenyekiti likasomeka hivi: "Fisi sote tumekubaliana kuificha bajeti."

Mzee wa watu alisema sisi sote tumekubaliana kuipitisha bajeti.

Grupu likawaka moto. Mweka hazina anauliza fisi ni nani hapa, tajeni majina. Mwingine kaandika "mi nilishahisi muda mrefu." Chini zaidi kuna yale mapumziko ya dakika kumi, ukumbini hamna mtu, feni peke yake, na programu imeandika "asanteni kwa kutazama" mara 14. Mjumbe mmoja mama mtu mzima akaniuliza inboksi, mwanangu, kwani kikao kilirushwa wapi?

Ikabidi nikae chini nijue nimekosea wapi. Kumbe simu ya kawaida inapitisha sauti kuanzia Hz 300 (yaani mitetemo 300 kwa sekunde) mpaka 3,400 hivi, na herufi s nguvu yake kubwa iko juu ya hapo, ikishakatwa huko juu inabaki hewa tu, s na f zinakuwa mapacha. Sisi ikawa fisi. Sikio la mtu linajazia kwa akili, linajua mwenyekiti hawezi kutuita fisi (hadharani angalau), programu nayo inajazia ila kwa kubahatisha. Na ile asanteni kwa kutazama, programu nyingi za hivi zimefunzwa kwa video zenye maandishi chini, sasa ikikutana na ukimya inakumbuka mwisho wa video. Haijui kunyamaza.

Nkasema basi nasafisha sauti. Nkatafuta programu ya kuondoa kelele, feni ikafa kabisa, raha masikioni, nkairudisha kuandika... ikawa mbovu kuliko mwanzo! Kisafishaji kimeondoka na feni pamoja na vipande vya konsonanti. Nkaanza kupiga hesabu ya makosa: maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, jumlisha, gawa kwa maneno yaliyosemwa kweli. Pale kwenye mapumziko kuna mtu alichungulia akasema "funga mlango" basi. Maneno mawili. Programu iliandika 42 na hata moja halimo. Makosa asilimia 2,100, jamani hata darasani sikuwahi kufeli hivyo.

Kikao kilichofuata nkaja na adabu. Feni nkazima watu watoke jasho, sehemu za kimya nkaweka kitu cha kuzikata kabla programu haijazisikia, na kila msemaji maiki ndogo ya kubana shatini, maana umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6 wakati feni inabaki palepale. Mwenyekiti safari hii alikuwepo, nkambana maiki mwenyewe kwa heshima zote.

Katibu akataka sampuli, angalau dakika moja isiyo na kosa, awaonyeshe wajumbe. Nkapitia faili lote. Kila sehemu kulikuwa na vijikosa vidogo vidogo, isipokuwa moja, wakati wa mapumziko, mwenyekiti katoka nje na kusahau kuvua maiki, koridoni kimya kabisa, anaongea na mtu taratibu:

"Huyu kijana wa fisi leo kanifunga nini hiki shatini? Mwakani tumtafutie kazi ya kupanga viti."

Makosa sifuri, mpaka alama ya kuuliza imo. Katibu bado anaisubiri sampuli yake.