Vifupisho haviui lugha, angalieni kibodi

Kuna malalamiko yanazunguka miaka mingi sasa kwamba vijana wameharibu lugha kwa sababu ya simu, mtu anaandika cjui, 2taonana, xaxa, halafu kesho yuko kwenye mtihani anaandika hivyohivyo. Mi nayaheshimu haya malalamiko, hayatoki hewani, ila naona yanapiga pasipo.

Tuanzie vilikotoka. Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992 huko Uingereza, injinia kijana Neil Papworth akamtakia Krismasi njema mkubwa mmoja wa Vodafone, na kikomo cha meseji kilikuwa herufi 160, ukipitiliza inahesabiwa nyingine na hela inakatwa tena. Halafu zile simu za vitufe, herufi s iko kwenye 7 na unaibonyeza mara nne ndo itokee, wakati x iko kwenye 9 na ni mara mbili tu. Piga hesabu mwenyewe, kuandika sasa unabonyeza mara 10, xaxa mara 6. Sisemi wote walikaa wakahesabu, wengi walipenda tu mbwembwe, lakini uvivu peke yake hauelezi jambo hili. Na wala halikuanza na simu, enzi za telegrafu, zile simu za maandishi za zamani, watu walilipia kila neno kwa hiyo walikata maneno bila huruma, na hata OMG, yaani oh my God, imo kwenye barua ambayo admirali Fisher wa jeshi la majini la Uingereza alimwandikia Churchill mwaka 1917.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, kina Clare Wood na Beverly Plester, waliwapima watoto wakakuta wanaotumia vifupisho zaidi ndo mara nyingi wanasoma vizuri. Hiyo haimaanishi vifupisho vinafundisha kusoma, inawezekana ni kwamba anayejua sauti za lugha vizuri ndo anaweza kuzichezea. Ila wanaodai vinaua ubongo wa mtoto hapo wana kazi ya kujieleza.

Walalamikaji wako sahihi sehemu moja kubwa, nayo ni kwamba mtu asiyejua kubadilisha lugha kulingana na mahali anaumia. Barua ya kazi ina lugha yake, kikundi cha marafiki kina yake. Na hata alama ndogondogo za kwenye meseji zina uzito kuliko tunavyodhani: utafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton uliotoka 2015 ulionyesha kwamba jibu fupi la meseji likimalizika na nukta, wasomaji wanaona aliyeandika hana ukweli moyoni. Nukta tu jamani! Na huko Saskatchewan, Kanada, mwaka 2023 jaji aliamua kwamba emoji ya dole gumba ambayo mkulima alituma baada ya kutumiwa mkataba wa kuuza mbegu za kitani ilikuwa sawa na sahihi yake, akatakiwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Yeye alidai alimaanisha nimeupata tu. Kwa hiyo ukiniambia lugha mpya inaleta kutoelewana nakubali kabisa.

Ila kinachonikosesha amani mimi ni kibodi. Simu inayosahihisha maneno ikiwa haijui lugha yako inageuza kila unachoandika, unafuta, inageuza tena, mwisho unachoka unahamia lugha ambayo simu inaijua. Hakuna aliyekukataza, ila umehama. Angalia Adlam, herufi ambazo ndugu wawili Ibrahima na Abdoulaye Barry walizibuni Guinea mwaka 1989 kwa ajili ya Kifulani, lugha ya Wafulani wa Afrika Magharibi, wakiwa bado vijana wadogo. Watu walijifunza, wakanakili vitabu kwa mkono, jamii ikazipokea, lakini ziliingia kwenye Unicode, ule mfumo unaofanya herufi zisomeke kwenye kompyuta na simu zote, mwaka 2016. Utamaduni ulikuwa tayari, mashine ndo zilichelewa miaka 27.

Wengine watasema sa hivi kuna voisi noti, WhatsApp walizileta mwaka 2013 na mwaka 2022 walisema zinatumwa bilioni 7 kwa siku, kwa hiyo lugha yoyote inapita bila kibodi. Kweli, na kwa bibi asiyejua kusoma huu ni ukombozi mkubwa, nisingependa mtu auchukulie poa. Lakini sauti huwezi kuitafuta kirahisi kama maandishi, na programu za lugha zinazotengenezwa sasa zimejifunza zaidi kutokana na maandishi. Lugha inaweza kuongelewa kwenye simu usiku na mchana na mashine bado ikaiona kama haina watu, halafu hiyohiyo mashine ndo itapangiwa kazi ya kutafsiri, kusahihisha na kujibu maswali ya watoto wa lugha hiyo.