Sura ya Mtoto Si Bango la Biashara

Wiki iliyopita dada yangu alinionyesha tovuti ya shule moja binafsi ya hapa Dar es Salaam, ambako binti yake ameanza darasa la kwanza. Ukurasa wa mbele umepambwa kwa picha ya mtoto huyo akishuka kwenye gari la shule. Jina lake kamili linasomeka kwenye beji iliyobandikwa kifuani, nambari ya gari inaonekana ubavuni, na chini ya picha imeandikwa kwamba gari hilo hupitia watoto wa Tabata na Segerea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mama yake hakuulizwa. Alipopiga simu, msimamizi alimjibu kwa upole: “Mama, mbona mtoto kapendeza? Wazazi wengine wanatuomba wenyewe tuwawekee watoto wao.”

Jibu hilo limeniuma kuliko picha yenyewe, kwa sababu aliyelitoa hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ukizungumza na wafanyabiashara kuhusu maudhui yenye madhara katika tovuti zao, watakutajia matusi, picha za uchi, siasa za vyama na kashfa za dini. Hayo wanayaepuka vizuri, nami sina la kuongeza hapo. Lakini kipimo wanachotumia ni kimoja tu, yaani kama jambo hilo litazua zogo, na picha ya mtoto anayecheka haizui zogo la aina yoyote. Inapendwa, inasambazwa, inaleta wazazi wapya dirishani kulipa ada. Swali la nani anaweza kuumia halipati nafasi ya kuulizwa.

Kampuni kubwa nazo hushindwa kuliuliza. Septemba 2020 huko Afrika Kusini, maduka ya Clicks yaliweka kwenye tovuti yao tangazo la bidhaa za nywele za TRESemmé ambalo nywele za Kiafrika zilielezwa kuwa kavu na zilizoharibika, huku nywele za mwanamke mweupe zikiitwa za kawaida. Tangazo hilo lilitoka kwa mwenye bidhaa, likapita mikononi mwa watu wenye taaluma zao, likapandishwa, na kati yao hakutokea wa kulisimamisha. Waandamanaji walikwenda madukani, maduka yakafungwa, bidhaa zikaondolewa kwenye rafu. Angalau waliotukanwa pale walikuwa watu wazima waliojua wametukanwa, wakasimama wenyewe kudai waombwe radhi. Mtoto wa darasa la kwanza hajui kwamba sura yake imegeuzwa bango, wala hana namna ya kudai chochote.

Tuitazame tena ile picha kwa macho ya mtu mwenye nia mbaya. Tunawafundisha watoto wetu wasifuatane na mtu wasiyemjua, nao kwa akili ya miaka 6 au 7 wanaelewa kwamba mtu wasiyemjua ni yule asiyewajua wao. Sasa mtoto huyo akisimama kituoni asubuhi, gari likachelewa, akaja mtu mwenye sura ya heshima, akamwita kwa jina lake lote, akamtajia nambari ya gari lake na kumwambia kwamba leo limeharibika na ametumwa na shule amchukue, kwa nini asimwamini? Somo lote tulilompa nyumbani limevunjwa na ukurasa mmoja wa matangazo. Wala mtu huyo hakulazimika kupeleleza wala kumhonga mlinzi, kwa kuwa jina, sura, mtaa, usafiri na saa vimewekwa na shule yenyewe mahali ambapo dunia nzima inaweza kusoma. Na mlezi wa mtoto yuleyule, akitaka kuingia getini kumwona, anaombwa kitambulisho na kuandikishwa kwenye daftari. Inawezekanaje taasisi iliyojenga ukuta mrefu na kuweka mlinzi getini iyatoe bure yaliyomo ndani ya ukuta huo?

Yapo na mengine yasiyoonekana kwenye picha. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake kumbukumbu ya mahali ilipopigwa, na tovuti inayopakia picha kama ilivyotoka kwenye simu inaweza kuitoa kumbukumbu hiyo kwa yeyote anayeipakua. Kuifuta picha kwenye tovuti nako hakuifuti kwenye simu za waliokwisha kuihifadhi. Maji yakimwagika hayazoleki. Julai 2024 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba limekuta picha za watoto wa Australia ndani ya LAION-5B, mkusanyo mkubwa wa viungo vya picha za intaneti uliotumika kufundishia programu za akili mnemba. Mojawapo ilikuwa ya wavulana wawili, wa miaka 3 na 4, na maelezo yake yalitaja majina yao kamili, umri wao na shule ya awali wanayosoma mjini Perth. Mzazi anayeruhusu mwanawe apigwe picha siku ya michezo hafikirii kwamba anakubali jambo la namna hiyo.

Tena sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Tume ya kuisimamia ipo. Wenzetu wa Kenya wametangulia na Sheria yao ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Katika uamuzi uliotangazwa pamoja na huo, kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyeridhia. Wamiliki wa shule zetu wangezisoma kwa makini taarifa hizo, maana fedha kama hizo zinalipa mishahara ya walimu.

Najua nitakachojibiwa: ridhaa imo kwenye fomu ya kujiunga. Nimeziona fomu hizo. Baina ya orodha ya sare, madaftari na ndoo ya usafi, panapita sentensi moja inayosema kwamba mzazi anakubali shule itumie picha za mwanafunzi “kwa shughuli za shule”, na mzazi anatia saini moja tu mwishoni kwa ajili ya mambo yote, wakati nafasi ya mtoto inategemea saini hiyo. Siwezi kuiita hiyo ridhaa. Ridhaa ni karatasi ya peke yake, inayosema picha itawekwa wapi, kwa muda gani na ikiwa na maelezo gani, na mzazi akisema hapana mtoto wake anaendelea kusoma bila kuangaliwa kwa jicho baya. Na anayebadili mawazo baadaye awe na mtu anayejulikana wa kumpigia simu, si kuzungushwa kutoka kwa mhasibu hadi kwa fundi wa tovuti.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba shule binafsi haiwezi kuishi bila kujitangaza, na kwamba wapo wazazi wanaofurahia kweli kuwaona watoto wao kwenye tovuti. Furaha ya mzazi mmoja haimpi mwenye shule haki juu ya watoto wa wengine. Na kujitangaza kunawezekana bila sura zao: maabara, maktaba, uwanja, kazi za mikono zilizobandikwa ukutani, watoto wakipigwa picha kutoka nyuma wakimtazama mwalimu wao. Mwalimu ni mtu mzima, aulizwe, akikubali awekwe yeye.

Kuna pia mabango ya matokeo, ambayo nayaona kuwa ni ukatili uliovikwa joho la pongezi. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule bora na wanafunzi bora kama ilivyokuwa desturi, nami niliona ni uamuzi wa busara. Shule zimelichukua jukumu lile zikalifanya zenyewe, kila moja kwenye tovuti yake, na sura za watoto, majina matatu na alama za kila somo. Darasa la watu 40 likibandikwa sura 31, mtaa mzima unajua tisa waliobaki ni akina nani. Mmoja wao naweza kumtaja kwa umri: ana miaka 16, na tangu bango hilo litoke hataki kutumwa dukani.

Zahanati zinazoonyesha majeraha ya wagonjwa “kabla na baada”, na wauza krimu wanaoweka uso wa msichana mweusi upande wa “kabla”, wanahitaji makala yao, nami nitaiandika.

Lakini walio hatarini zaidi ni wale wasio na dada yangu wa kuwapigia simu. Makao mengi ya watoto yana tovuti za kuombea michango, na humo utakuta mtoto ametajwa kwa jina, picha yake ikiwa mbele, na historia yake yote chini: jinsi wazazi walivyokufa na kwa ugonjwa gani, aliokotwa wapi, alitendewa nini na nani. Mtoto huyo atakua. Atakwenda shule, ataomba kazi, atachumbia au atachumbiwa, na kila atakayeandika jina lake mtandaoni atakutana kwanza na aibu ambayo si yake. Ridhaa ya kuandika hayo ilitolewa na mkuu wa makao, ambaye ndiye mlezi na ndiye huyohuyo anayepokea michango. Ofisa ustawi wa jamii anapokwenda kukagua vitanda, vyoo na jiko la makao hayo, aombe aonyeshwe na tovuti, aisome mtoto kwa mtoto, na asiondoke kabla historia hizo hazijashushwa.