Ombudsman asiyeuliza kabila

Juni 2020, dunia ikiandamana baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, ofisi ya maadili ya Umoja wa Mataifa iliwaambia watumishi wasishiriki: mtumishi wa kimataifa haegemei upande. Watu walinung'unika hadi Katibu Mkuu António Guterres akaandika barua kufafanua kwamba hakuna aliyetakiwa kutoegemea upande mbele ya ubaguzi wa rangi. Agosti likaja dodoso kuhusu ubaguzi huohuo, na kati ya rangi za kujichagulia mlikuwemo "njano", neno la zamani la kuwadharau watu wa Asia. Liliondolewa haraka.

Kosa la kwanza ni kufumba macho, la pili ni kufumbua na kuona rangi tupu. Ombudsman wa taasisi, yaani mtu wa kupokea malalamiko ya watumishi wake, anaishi katikati ya hayo mawili. Simsemi yule wa kiserikali, kama Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya Tanzania ya mwaka 1966, aliyepokea malalamiko ya raia na kuchunguza. Huyu ni wa ndani: hachunguzi, hahukumu, anasikiliza kwa siri na kusaidia watu wazungumze. Umoja wa Mataifa unaye tangu 2002, na tawi lake moja liko Nairobi.

Wanaotaka asijihusishe na utambulisho wa mtu wana hoja nzito. Bosi anayelalamikiwa naye lazima aweze kuingia ofisini humo. Akisikia kwamba pale ni "ofisi ya wanawake" au "ofisi ya weusi", hatakanyaga, na bila yeye hakuna suluhu. Mtanzania anaielewa hoja hii upesi, maana sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967. Jirani Kenya amekwenda njia nyingine: sheria yake ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa kabila moja, kwa hiyo lazima ahesabu.

Lakini tuseme kuna mhasibu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika ofisi moja ya kimataifa huku kwetu. Anakwenda kwa ombudsman, anaeleza kwa Kiingereza safi kwamba mkuu wake hamheshimu. Anafika mahali anakwama, kisha anahamia Kiswahili. Siku moja kwenye chai alisema, "Niko natumika tangu asubuhi." Kwao kutumika ni kufanya kazi. Mkuu wake, Mtanzania, alicheka hadi chai ikamwagika, na tangu hapo akipita mezani kwake humuuliza, "Leo umetumika?" Wenzake nao hucheka. Sasa kikaoni hafungui mdomo.

Ombudsman asiyejali utambulisho ataliita hilo tatizo la mawasiliano. Aliyekariri semina za ubaguzi wa rangi naye ataambulia patupu, kwa sababu kwenye dodoso mkuu na mhasibu wangeweka tiki kisanduku kimoja. Dhihaka imepita ndani ya lugha yetu wenyewe, ile tunayojisifu kwamba inatuunganisha. (Nasi wa pwani tuna dhambi yetu hapa, Kiswahili cha Kongo tumekifanya kichekesho miaka mingi.) Kumsikia dada huyu si kumpendelea. Mkuu wake naye akija atasikilizwa, na huenda kweli alidhani ni utani wa kawaida.

Mimi naona ugumu hasa uko kwenye siri. Nguvu kubwa ya ombudsman ni kuwaeleza wakuu wa taasisi mwelekeo wa malalamiko bila kutaja mtu. Akisema "watumishi wa Kikongo kwenye uhasibu wanadhihakiwa", na Mkongo ni mmoja tu idara nzima, amemtaja. Akisema "baadhi ya watumishi hawajisikii kuheshimiwa", taarifa inaingia kabatini. Anaweza kumwomba ruhusa ya kuzungumza na mkuu wake, naye ana kila sababu ya kukataa. La sivyo, asubiri kesi za namna hiyo zijikusanye kutoka idara kadhaa, aseme kwa jumla kwamba lahaja na lafudhi za watu zinafanywa fimbo.

Ningekuwa mimi, dada akikataa, ningesubiri. Ila gharama ya kusubiri hailipwi na ombudsman. Mkataba wa mhasibu ni wa mwaka mmoja, na anayejaza fomu ya tathmini yake ni yuleyule anayemuuliza kama leo ametumika.