Lentauw na Yamasani Hayakuwa Majina Yao

Kila marathoni ya Olimpiki inapokaribia, watangazaji wetu hutuanzishia hadithi ya Mwafrika na Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda akikimbia peku, Roma 1960. Bikila nampenda mno. Ila kabla yake kuna marathoni ya Olimpiki ya St. Louis, Marekani, tarehe 30 Agosti 1904, na inaniuma kuona siku hiyo tunairuka.

Walianza wakimbiaji 32, wakamaliza 14. Jua lilikuwa kali, barabara ni vumbi tupu, na magari ya waamuzi na waandishi yaliwatimulia vumbi hilo usoni. Mratibu, James Sullivan, alitaka kujua mwili hufanyaje ukikosa maji, kwa hiyo katika njia ya kilomita 40 hivi waliwekewa sehemu chache mno za kunywa. Fred Lorz alichoka akapanda gari, akashuka karibu na mwisho na kuingia uwanjani akishangiliwa kama bingwa, hadi alipoumbuliwa. Bingwa halali, Thomas Hicks, wasaidizi wake walimnywesha strikinini pamoja na ute wa yai na brandi. Strikinini ni sumu ya panya! Alimaliza kwa saa 3 na dakika 28, nusura aanguke.

Vituko hivyo ndivyo vinavyosimuliwa kila mara. Nyuma ya vituko hivyo walikuwepo Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana kutoka Afrika Kusini, Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Hakuna taifa lililowatuma. Walikuwa St. Louis kwa sababu ya maonyesho ya dunia, katika kundi lililoigiza Vita vya Waingereza na Makaburu mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Wiki chache kabla ya marathoni, palepale, waandaaji walikuwa wamewashindanisha watu wa "makabila" waliokuwa kwenye maonyesho hayo, ili kuthibitisha kwamba Mzungu ndiye bora.

Halafu Taunyane akamaliza wa 9, Mashiani wa 12. Inasimuliwa kwamba Taunyane alikurupushwa na mbwa wakali, akakimbilia nje ya njia karibu maili nzima, kisha akarudi na kuendelea. Hebu fikiria: umeungua jua, koo limekauka, mbwa yuko visiginoni, na bado unawapita watu waliokuja na wasaidizi wao kwenye magari.

Kumbukumbu ziliwaandika "Lentauw" na "Yamasani", tena zikawaita Wazulu. Aliyeshika kalamu hakujisumbua kuwauliza. Hilo kwangu linauma kuliko mbwa, maana mbwa walimsumbua mtu kwa maili moja tu.

Ndiyo maana nawaomba watangazaji wa Kiswahili: mnapotaja Bikila, Ikangaa, Wanjiru aliyeshinda Beijing 2008, na Kipchoge, tangulieni na hawa wawili. Len Taunyane. Jan Mashiani. Yatamkeni polepole, herufi zote.