Wao wanahesabu kwa lugha yao, mimi nikaishia tano

Nipo Agadir, kusini mwa Moroko, mwaka wa saba sasa. Nilikuja kusoma nikabaki kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe ni ya nyanya, yaani nimetoka Lushoto kwenye nyanya na kabichi za kwenda Kariakoo nimekuja kuangukia kwenye nyanya za kwenda Ulaya. Mengi ya huku nimeshazoea, baridi ya asubuhi, chai ya mnanaa yenye sukari mpaka meno yanauma, mkate wanaouita tafarnout unatoka kwenye tanuru ya udongo bado una moto. Ila kuna jambo moja la lugha limenikaa moyoni na leo nimeamua kuliandika.

Kwenye kiwanda tunachofungashia karibu wote ni akina mama, na pale kwenye mstari usitegemee kusikia Kiarabu, Kifaransa ndio kabisa, hicho kipo juu ofisini. Pale chini ni Tashelhit, lugha ya wenyeji wa huku, toka asubuhi mpaka jioni. Msimamizi wetu ni mama wa makamo tunamwita Lalla kwa heshima, na maboksi yakipangwa kwenye paleti anayahesabu kwa sauti, yan, sin, krad, kkuz, smmus, sdis, sa, tam, tza, mraw, akifika hiyo mraw ambayo ni kumi anachora mstari wa chaki ubaoni anaanza upya. Siku moja akanigeukia, "ultma", maana yake dada yangu, kwenu mnahesabuje? Nikaanza moja, mbili, tatu. Akawa anatikisa kichwa vizuri tu mpaka nilipofika sita, saba, akanisimamisha, akaniambia hizo za Kiarabu hizo, nipe zile za mama yako.

Nikavuta pumzi nikaanza kwa Kisambaa. Nikafika shano, nikasimama. Nilijua baada ya shano kuna kitu, nimewahi kumsikia bibi akihesabu mayai, lakini hakikutoka. Wale akina mama wakanyamaza wananisubiri kwa huruma kweli, na mimi nikajisikia kama nimeulizwa jina la baba yangu nikalisahau.

Sasa ngoja nieleze hawa watu ni akina nani, maana wengi nyumbani tukisikia Moroko tunajua Waarabu basi. Kuna watu walikuwepo Afrika Kaskazini kabla Mwarabu hajafika, dunia inawaita Berber, jina walilopewa na wageni wasioelewa wanachosema, wenyewe hawalipendi. Wenyewe ni Amazigh, wakiwa wengi Imazighen, na lugha ni Tamazight. Angalia hapo mbele ya neno, a- akiwa mmoja, i- wakiwa wengi, ta- ya lugha, mimi nilipoisikia mara ya kwanza nikakumbuka Msambaa, Wasambaa, Kisambaa, ingawa lugha zetu na zao hazina undugu wowote. Hata Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuandika habari zetu, kwao Tangier, ukoo wake ulikuwa wa Lawata, Waamazigh.

Halafu si lugha moja. Hapa kwetu Souss na milima ya Atlas iliyo karibu ni Tashelhit. Ukipanda basi pale Inezgane ukavuka kwenda Atlas ya Kati, huko Khenifra, Azrou, Midelt, unakuta Tamazight yenyewe, na ukiendelea mpaka kaskazini, Nador na Al Hoceima, ni Tarifit. Tuna kijana wa Nador anaendesha foklifti, yeye na Lalla wote ni Imazighen lakini wakiongea wanaongea Darija, Kiarabu cha huku, kwa sababu kwa lugha zao hawaelewani vizuri. Na yeye hahesabu kama Lalla, kwao iliyobaki ni moja tu, kuanzia mbili wanatumia za Kiarabu. Nilivyosikia hivyo nilipumua kidogo, nikajua si Waswahili peke yetu tuliochukua sita na saba za watu.

Ukitoka Moroko lugha hizi zinaendelea mbali sana, ila vipande vipande kama visiwa. Algeria kuna Kabylie, Tizi Ouzou na Béjaïa, ndio wengi zaidi kule, halafu Wachaoui kwenye milima ya Aurès, halafu Mzab kule Ghardaïa jangwani. Tunisia vimebaki vijiji vichache kusini na kisiwa cha Djerba. Libya kuna milima ya Nafusa na mji wa Zuwara pwani. Mwisho kabisa mashariki ni Siwa, oasisi ndani ya Misri, watu elfu kadhaa tu. Kusini ndio Watuareg, Sahara ya kati mpaka Mali, Niger na Burkina Faso, hao ndio waliotunza maandishi ya zamani ya Tifinagh. Mauritania kuna Zenaga ambayo karibu inazimika. Na visiwa vya Kanari wenyeji waliongea lugha ya ukoo huu kabla Wahispania hawajawamaliza, leo imebaki kwenye majina ya mahali.

Wapo wangapi? Hapo ndipo ugomvi ulipo. Makadirio yanaanzia milioni 15 mpaka zaidi ya 30, tofauti kubwa namna hiyo kwa sababu serikali nyingi haziulizi. Algeria mara ya mwisho kuuliza watu lugha kwenye sensa ni 1966. Moroko wanauliza, na sensa ya 2024 ilisema kati ya watu milioni 36.8, wanaotumia lugha za Kiamazigh ni asilimia 24.8, Tashelhit 14.2, Tamazight 7.4, Tarifit 3.2. Wanaharakati walikasirika, wanasema wameandikwa wachache kuliko walivyo. Mimi siwezi kuamua kesi yao, lakini mwaka 2004 walikuwa asilimia 28 hivi, kwa hiyo kwa hesabu za serikali yenyewe inashuka.

Na inashuka katika miaka ambayo walipata kila walichodai! Hili ndilo linaloniumiza. Taasisi ya kifalme ya lugha yao ilianzishwa 2001, mwaka 2003 Tifinagh ikapitishwa na masomo yakaanza shuleni, 2010 wakapata chaneli ya televisheni, 2011 katiba ikaifanya lugha rasmi pamoja na Kiarabu, na kuanzia 2024 mwaka mpya wao ni sikukuu ya taifa, Januari 14. Ofisi nyingi za serikali zina kibao cha Tifinagh, kizuri kweli, lakini kwenye mstari wetu hakuna hata mama mmoja anayeweza kukisoma. Shule nyingi bado hazina mwalimu. Na mtoto wa Lalla yupo Casablanca ana duka la vyakula, Wasoussi ndio wenye maduka huko kama Wachaga kwetu, wajukuu zake wakija likizo wanamwamkia kwa Darija.

Kwa hiyo nikilinganisha huku na nyumbani sisemi huku ni bora, nataka nieleweke. Kuna jirani yangu hapa, bibi mtu mzima, anajua Tashelhit tu. Alienda kituo cha afya, daktari anaongea Darija na Kifaransa, ikabidi mjukuu wa kiume wa miaka 11 asimame katikati atafsiri matatizo ya tumbo la uzazi la bibi yake. Yule bibi aliniambia mambo mengine aliyaacha, hakuyasema. Bibi yangu mimi pale Mlalo akienda hospitali anaongea Kiswahili chake cha mlimani na nesi kutoka Mara anamwelewa kila kitu. Na usiku ule wa Septemba 8, 2023 lilipopiga tetemeko la Atlas, tulilala nje wote, karibu watu 3,000 walikufa vijijini huko, na kesho yake kwenye simu naona wazee wanalia kwa Tashelhit na anayewauliza anauliza kwa Kiarabu. Nilishukuru Mungu kwa Kiswahili siku ile, tena sana. Wanaokidharau nyumbani wakakae nchi ambayo mgonjwa na daktari hawana lugha moja.

Ila hicho Kiswahili tumekilipia kwa lugha za kwetu, na hatujui tumelipa kiasi gani. Hapo ndipo Waamazigh wananizidi, wao wanajua wanapoteza na wanalia hadharani. Mwaka 1980 Tizi Ouzou serikali ilizuia mhadhara wa mwandishi Mouloud Mammeri kuhusu mashairi ya zamani ya Kikabyle, mhadhara tu wa mashairi, na watu wakaingia barabarani. Mwaka wa masomo wa 1994 na 1995 Kabylie yote watoto hawakwenda shule wakidai lugha yao ifundishwe. Sisi lugha zaidi ya 120 na nyumba ikifuata nyumba zinaondoka kimyakimya, hakuna anayepiga kelele wala anayehesabu.

Sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967, mwaka mmoja tu baada ya Algeria kuacha kuuliza lugha. Naelewa sababu na naiheshimu, taifa lilikuwa linajengwa, na wenzetu Kenya wanaouliza kabila tunaona namba zinavyogeuzwa siasa kila uchaguzi. Lakini lugha si kabila jamani. Mwaka 2022 tulihesabiwa milioni 61.7, watu wakaulizwa mifugo, wakaulizwa choo, ingeshindikana nini kuongeza swali moja, "ukiwa nyumbani unaongea na watoto wako lugha gani"? Usimuulize mtu yeye ni nani, muulize anaongea nini. Mtu wa Kisambaa anayelea watoto kwa Kiswahili ajibu Kiswahili, mimi mwenyewe ningejibu hivyo, na tuione hiyo namba ya kweli hata kama inaumiza. Kama Moroko wanaweza kugombania asilimia 24 au zaidi ni kwa sababu kuna karatasi ya kuigombania, sisi tutagombania nini?

Najua wapo watakaosema huo ni ukabila umeanza. Kaka yangu mwenyewe ndio alivyonijibu. Mimi naona ukabila ni kumnyima mtu kazi kwa sababu ya kwao, si kujua kwamba kenda ni tisa. Kwanza hizo namba hata Kiswahili cha zamani kilikuwa nazo, kenda tunaijua, tandatu ilikuwepo, na fungate tunayoisema harusini ni zile siku saba za maharusi ndani, maana fungate ni saba. Kila mtu anaenda fungate na hajui kama amesema namba.

Jioni ile ya paleti nilimwandikia mama Whatsapp, mama naomba unihesabie moja mpaka kumi kwa kwetu. Akaniuliza kuna nini huko, unaumwa? Nikamwambia hapana, nahesabu maboksi. Akatuma voice note, nimeisikiliza sijui mara ngapi, anahesabu taratibu kama anapanga mayai kwenye trei, shano, mtandatu, mfungate, mnane, kenda. Kesho yake nikamchezea Lalla, akaomba irudiwe, akawa anajaribu kuisema hiyo mfungate.

Mwishoni mwa ile voice note mtoto wa kaka anasikika akiuliza, bibi unasema nini? Na mama anamjibu, kwa Kiswahili, hamna kitu mjukuu wangu, namhesabia shangazi yako.