Gawanya kwa Nane Kabla Hujalipia Intaneti

Mama yule aliingia dukani kwangu Nkuhungu saa tisa na nusu alasiri, flashi ameikamata mkononi. Mpiga picha alikuwa amemtumia linki ya video ya sendofu ya binti yake, GB 1.8, naye alitaka kuipeleka Mpwapwa kwa mama yake mzazi ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri. Gari lake lilikuwa linaondoka saa kumi.

"Mwanangu, itachukua muda gani?"

Intaneti ninayolipia imeandikwa 20. Faili lilikuwa MB 1,800. Nikagawanya kichwani, nikapata sekunde 90. "Dakika moja na nusu, mama. Kaa hapo kwenye benchi."

Dakika tano baadaye ule mstari wa kijani ulikuwa haujafika nusu. Alisimama, akautazama, akanitazama mimi. "Basi, baba. Bibi yake tutamsimulia." Akachukua bajaji, akaenda.

Laini yangu haikuwa na hitilafu yoyote siku ile. Nilipima baadaye nikakuta inatoa 20 zake kamili. Ila zile zilikuwa 20 za megabiti, na faili la yule mama lilipimwa kwa megabaiti. Biti ni alama moja tu, sifuri au moja, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo 20 ile ni MB 2.5 tu kwa sekunde, na MB 1,800 zinahitaji sekunde 720, yaani dakika 12. Ongeza kidogo, kwa sababu kila pakiti ya data, yaani kila kipande cha faili, husafiri na anuani zake, nazo hula kama asilimia 5 ya njia hata kwenye laini ya waya iliyo safi. Tuseme karibu dakika 13. Ningemwambia hivyo mapema, angeamua mwenyewe kama anasubiri au anarudi kesho.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia kwa makini jinsi kasi inavyoandikwa, na nasema wazi: haiandikwi kwa haki. Kitaalamu tofauti nzima imekaa kwenye herufi moja. Mbps yenye b ndogo ni megabiti kwa sekunde, MB/s yenye B kubwa ni megabaiti kwa sekunde. Sasa chukua risiti yangu ya mwezi. Mashine imechapa kila kitu kwa herufi kubwa: 20 MBPS. Nenda ukutani kwenye mabango, utakuta mengine yameandika mbps, herufi ndogo tupu, na m ndogo kwa kanuni za vipimo ni mili, sehemu ya elfu, si mega, yaani milioni. Herufi ile ile inayobeba mara nane nzima imeachiwa mtu wa kubuni bango aichague kwa uzuri wa macho.

Mimi nimekulia Kibaigwa, pembeni ya soko la mahindi. Mtoto wa pale anaijua lumbesa kabla hajajua kusoma: gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, halafu mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mkulima anasema gunia, mnunuzi anasema gunia, na kila mmoja ana gunia lake kichwani. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wamekuwa wakihimiza miaka yote kwamba mazao yauzwe kwa kilo, kwenye mizani. Kwenye intaneti hali ni ile ile. Muuzaji anasema mega, mteja anasema mega, na kati yao pana nane.

Sisemi kwamba biti ni ulaghai. Waya hupitisha ishara moja baada ya nyingine, sifuri au moja, kwa hiyo mafundi wa mawasiliano wana sababu nzuri ya kuhesabu hivyo, na wamehesabu hivyo tangu zamani. Neno biti lilichapishwa kwenye makala ya mwanahisabati Claude Shannon mwaka 1948, naye akasema limetoka kwa mwenzake John Tukey. Baiti ilikuja mwaka 1956, kwa Werner Buchholz wa kampuni ya kompyuta ya IBM, aliyebadilisha herufi za neno lake makusudi ili watu wasilichanganye na biti. Mtu wa kwanza kabisa kulitumia aliiona hatari hii. Mabango yetu bado hayajaiona.

Pale inapouma zaidi ni kwenye bando la simu. Kila siku nasikia mtu kaunta akilalamika: "Jana nimeweka GB nzima, haijamaliza hata saa, wameniibia." Hebu tupige hesabu. Video angavu ya mpira kwenye simu inaweza kuvuta megabiti 5 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata MB 0.625 kwa sekunde. Kwa dakika ni MB 37.5. GB moja, yaani MB 1,000, inakwisha kabla ya dakika 27, kipindi cha kwanza hakijaisha. Aliyeibiwa kweli apeleke malalamiko yake na asikilizwe. Lakini wengi niliokaa nao na kalamu waligundua kwamba bando lilikwenda kihalali kabisa, ila kasi waliuziwa kwa kipimo kimoja na matumizi yakakatwa kwa kingine. Mtu wa kawaida ataunganishaje viwili hivyo bila kufundishwa?

Hata simu yenyewe inachanganya. Juu ya kioo inaweza kuandika 350 KB/s, ukifungua programu ya kupima kasi inakuambia 2.8 Mbps. Mteja anadhani mojawapo inadanganya. Zidisha 350 kwa 8, unapata kilobiti 2,800, yaani megabiti 2.8: ni kasi ile ile.

(Kuna na lile la 1,000 na 1,024, yaani watengenezaji wa flashi huhesabu kwa 1,000 na kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, ambalo linafanya flashi mpya ya GB 64 isomeke 59.6 kwenye kompyuta. Tangu mwaka 1998 yapo majina tofauti ya kutenganisha hesabu hizo mbili. Kwa mtu anayenunua kasi halimpunguzii sana, nane ndiyo inayomla.)

Ninachodai ni kidogo. Kila anayeuza kasi aandike pembeni ya Mbps ni MB ngapi kwa sekunde, kwa namba ya ukubwa ule ule. Haigharimu chochote. Na walimu wa hesabu, ambao tayari wanawafundisha watoto kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, waongeze swali moja la namna hii ubaoni, maana mtoto huyo atanunua bando mara nyingi kuliko atakavyopima mwendo wa treni.

Wiki iliyopita kijana wa mauzo alipita dukani na vipeperushi, akanishawishi nihamie kifurushi cha 50. Nikamuuliza, "Ni MB ngapi kwa sekunde, mdogo wangu?" Akasema 50. Nikamwonyesha b ndogo kwenye karatasi yake mwenyewe. Alitoa simu, akagawanya, akanyamaza kidogo, halafu akaomba kalamu. Aliandika 6.25 pembeni ya 50, kwanza kwenye kipeperushi changu, kisha akakaa kwenye benchi akaanza kuandika kwenye vingine vyote alivyobaki navyo.